Ukurasa wa Mbele wa Tovuti: Uzito, Mwendo na Jicho la Mgeni

Tovuti ni mkusanyo wa kurasa zilizohifadhiwa katika kompyuta moja, ambazo mtu aliye mbali aweza kuzisoma kwa kompyuta yake au kwa simu yake ya mkononi. Kati ya kurasa hizo umo mmoja ufungukao kwanza mtu anapoandika jina la tovuti, nao huitwa ukurasa wa mbele. Kwa kampuni kubwa ukurasa huo ni mlango mmoja kati ya mingi, kwa kuwa kampuni hiyo ina matangazo redioni, ina mawakala mikoani, na jina lake linajulikana. Kwa biashara ndogo, mathalani karakana ya seremala, mgahawa au duka la vifaa vya shule, aghalabu ukurasa wa mbele ndio tovuti yote. Mgeni akiridhika hapo atapiga simu. Asiporidhika ataondoka, wala mwenye biashara hatajua kwamba alikuja.

Mafundi wengi wa tovuti hulieleza jambo hili kama suala la urembo: rangi gani itumike, picha ipi iwekwe, herufi ziwe za namna gani. Makala haya yana hoja tofauti. Ukurasa wa mbele ni kwanza suala la fizikia na hesabu, kisha ni suala la jinsi jicho na akili ya binadamu vifanyavyo kazi. Urembo huja baada ya hayo. Na hesabu zenyewe si ngumu kupita zile ambazo mwanafunzi wa sekondari huzifanya kila wiki.

Ili tusiseme hewani, tuchukue mfano mmoja na kuufuata. Tuseme iko karakana ya samani Keko, jijini Dar es Salaam, mtaa ambao kwa miaka mingi umejulikana kwa mafundi wa vitanda, makabati na makochi. Karakana hiyo ni ya kubuni, lakini wenye nazo za namna hiyo ni wengi. Mwalimu mkuu wa shule moja wilayani Mkuranga amepata fedha za kununua madawati 60. Ana simu ya bei ya kawaida, kifurushi chake cha intaneti kimebakiwa na megabaiti 40, naye amesimama nje ya ofisi, juani, mahali ambapo mawasiliano hushika vizuri kidogo. Ana maswali manne: Je, hawa hutengeneza madawati? Dawati moja ni bei gani? Wataleta mpaka Mkuranga? Nimpigie nani? Ukurasa wa mbele wa karakana yetu tutaupima kwa maswali hayo.

Safari ya kwenda na kurudi

Tovuti ya karakana ya Keko haiko Keko. Huhifadhiwa katika kompyuta ya kampuni inayokodisha nafasi, iitwayo seva, nayo seva hiyo mara nyingi iko Ulaya au Marekani kwa sababu huko nafasi hupatikana kwa bei nafuu. Kwa hiyo mwalimu wa Mkuranga anapomtafuta fundi aliye mkoa wa jirani, ombi lake huvuka bahari na kurudi.

Kabla ya mwaka 2009 sehemu kubwa ya safari hiyo, kwa nchi za Afrika Mashariki, ilipitia kwenye satelaiti zilizo juu ya ikweta kwa umbali wa kilomita 36,000 hivi. Ombi lilipanda hadi satelaiti, likashuka Ulaya. Jibu likapanda tena na kushuka kwetu. Hiyo ni mara nne ya 36,000, yaani kilomita 144,000. Mawimbi ya redio huenda kwa mwendo wa nuru, kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi kulichukua karibu nusu sekunde, hata kama vyombo vyote vilikuwa vizima na njia ilikuwa tupu. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM ulifika katika pwani yetu, nao mkongo wa EASSy ukafuata mwaka 2010. (Seremala wa Keko alilijua neno mkongo zamani, maana ni jina la mti wa mbao ngumu, sasa ni jina pia la waya wa nyuzi za kioo ulalao chini ya bahari. Lugha haikuona taabu.) Ndani ya kioo nuru hupunguza mwendo na kuwa kilomita 200,000 hivi kwa sekunde. Kwa mkongo wenye urefu wa kilomita 10,000, kwenda ni sekunde 0.05 na kurudi vivyo hivyo: jumla sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Msomaji atasema: sehemu ya kumi ya sekunde ni kitu gani? Ni kitu kidogo, lakini hulipwa mara nyingi. Kwanza simu hubisha hodi na seva huitikia. Hiyo ni safari moja. Kisha hukubaliana ufunguo wa siri, ili mtu aliye njiani asisome wanayoambizana. Kwa taratibu za kisasa hiyo ni safari ya pili. Katika safari ya tatu ndipo simu inapouomba ukurasa, na herufi za kwanza zikaanza kuja. Kwa mkongo wetu zimepita sekunde 0.3, kwa satelaiti ya zamani ingekuwa karibu sekunde moja na nusu, na bado hatujahesabu muda wa simu kuwasiliana na mnara wake.

Hata hapo seva haimimini ukurasa wote kwa pamoja, kwa kuwa haijui njia ina upana gani. Hufanya kama mtu amiminaye maji katika chupa yenye mdomo mwembamba: huanza kidogo, hutazama, kisha huongeza. Kwa utaratibu uliochapishwa mwaka 2013, ambao sasa umeenea, seva hutuma kwanza pakiti 10 zenye baiti 1,460 hivi kila moja, yaani baiti 14,600. Hungoja habari kwamba zimefika. Zikifika salama hutuma pakiti 20, kisha 40, kisha 80, ikizidisha kwa mbili kila mara mpaka njia ijae au pakiti ipotee. Kwa hiyo baada ya mikupuo n, jumla ya baiti zilizofika ni 14,600 × (2ⁿ − 1). Mkupuo wa kwanza umeleta 14,600. Wa pili umefikisha 43,800. Wa tatu 102,200. Wa nne 219,000.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo kiini cha jambo lote. Herufi moja ya maandishi ya Kiswahili huchukua baiti moja. Majibu ya maswali manne ya mwalimu mkuu, yakiandikwa kwa ufasaha, hayazidi herufi 400. Maana yake ni kwamba ukurasa mzima wa maandishi, pamoja na maagizo ya mpangilio na rangi zake, waweza kuingia ndani ya mkupuo wa kwanza wa baiti 14,600 na nafasi ikabaki. Mwalimu aweza kuwa anasoma bei ya dawati kabla ya sekunde moja kwisha. Asipoisoma, si kosa la bahari wala la mnara; kuna mtu aliyeweka kitu kizito mbele ya majibu.

Uzito wa picha

Kitu hicho kizito, mara nyingi, ni picha. Ukurasa wa kwanza wa tovuti duniani, uliotengenezwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN karibu na Geneva na kufunguliwa kwa umma mwaka 1991, haukuwa na picha hata moja. Sisemi turudi huko. Mnunuzi wa samani ana haki ya kuona samani, na picha ya dawati humweleza mambo ambayo aya tatu haziyasemi: unene wa mbao, namna miguu ilivyoungwa, mahali pa kuweka mkoba. Swali ni picha hiyo ina uzito gani.

Simu nyingi za siku hizi hupiga picha yenye nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo, yaani nukta, ziitwazo pikseli, milioni 12. Kila nukta huhitaji baiti tatu: moja kwa wekundu, moja kwa kijani, moja kwa buluu. Hiyo ingekuwa megabaiti 36 kwa picha moja. Lakini simu huifinya kwa njia iitwayo JPEG, iliyowekwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1992, na matokeo yake huwa megabaiti 3 au 4. Njia hiyo hutumia udhaifu wa jicho letu. Sisi huona tofauti za mwanga vizuri kuliko tofauti za rangi, na huona mabadiliko ya taratibu vizuri kuliko vijistari vyembamba vilivyosongamana. Picha hukatwa katika miraba ya nukta 8 kwa 8, kila mraba ukaandikwa upya kama jumla ya mawimbi, na yale mawimbi ambayo jicho haliyajali yakatupwa. Hisabati ya kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Marekani, pamoja na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao. Kila picha ya arusi inayotumwa kwa simu leo imepitia katika milinganyo ya namna hiyo.

Sasa fundi wa tovuti akichukua picha tano kama zilivyotoka kwenye simu, za megabaiti 4 kila moja, akazipanga juu ya ukurasa ziwe zinapishana zenyewe, ukurasa una megabaiti 20. Nusu ya kifurushi cha mwalimu imekwisha kabla hajajua kama madawati yapo. Kwa njia ipitishayo megabiti 1 kwa sekunde, picha moja peke yake (megabaiti 4 ni megabiti 32) huchukua sekunde 32, na zote tano huchukua sekunde 160. Tena hapati faida yoyote kwa gharama hiyo, maana kioo cha simu yake kina upana wa nukta 720 tu. Picha ya nukta 720 kwa 540 ina nukta 388,800, pungufu mara 31 ya ile ya kwanza. Ikifinywa kwa kiasi, uzito wake ni kilobaiti 70 hivi, nayo hufika kwa sekunde 0.56. Jicho la mwalimu halitaona tofauti. Programu za kupunguza picha ni za bure na kazi yenyewe haifiki dakika mbili. Sijapata kuelewa kwa nini huachwa.

Desturi ya picha zinazopishana zenyewe, mimi siipendi hata zikiwa nyepesi. Picha ya dawati ikitoka mgeni angali anaitazama, huwa ni sawa na muuza duka anayemnyang'anya mteja nguo mkononi ili amwonyeshe nyingine. Video inayoanza yenyewe, herufi za mapambo zinazopakuliwa kutoka mbali na ramani zinazosogea vina uzito wake vilevile, na karibu vyote vyaweza kungoja mpaka mgeni aviombe.

Tena mkongo nao hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika kwa pamoja, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani. Katika siku za namna hiyo njia hubaki nyembamba na wapitaji ni walewale. Ukurasa wa kilobaiti 80 una nafasi ya kufunguka. Wa megabaiti 20 hauna.

Jicho la mgeni

Mwaka 1968 Robert Miller, aliyekuwa mtafiti wa kampuni ya IBM, aliandika juu ya muda ambao mtu aweza kuingoja kompyuta bila kupoteza wazo lake. Jakob Nielsen, mtaalamu kutoka Denmark, aliueleza mpaka huo kwa namba tatu katika kitabu chake cha mwaka 1993. Jambo likitokea ndani ya sekunde 0.1, mtu huona kwamba limetokea papo hapo. Likichukua hadi sekunde 1, hutambua kwamba anangoja, lakini wazo lake halikatiki. Likipita sekunde 10, akili huhamia kwenye jambo jingine. Namba hizo hazikubadilika kompyuta zilipoongezeka kasi, kwa kuwa ni vipimo vya binadamu, si vya mashine.

Ukurasa ukishafunguka, hukumu ni ya haraka zaidi. Gitte Lindgaard na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, walichapisha mwaka 2006 majaribio ambamo watu walionyeshwa kurasa kwa milisekunde 50 tu, yaani sehemu ya ishirini ya sekunde. Watu hao waliweza kusema ni kurasa zipi zinapendeza, na maoni yao yalilingana na ya waliopewa muda mrefu zaidi. Mwaka huohuo Nielsen alitoa matokeo ya kufuatilia macho ya wasomaji 232. Macho yao hayakupita kila mstari. Yalisoma mistari ya juu kwa upana, yakashuka, yakasoma tena sehemu ya mstari, kisha yakateremka upande wa kushoto, mfano wa herufi F.

Kutokana na hayo mstari wa kwanza una thamani kuliko ukurasa wote uliosalia, na hapa ndipo wengi wanapoutupa. Fungua kurasa za mbele za biashara ndogo kumi, utakuta nyingi zinaanza kwa kumkaribisha mgeni katika tovuti, kisha zinasema kwamba kampuni ni kinara wa ubora na inajali wateja. Ukifuta jina na kuweka la muuza samaki, maneno yatabaki kuwa kweli vilevile. Karakana yetu ingeandika hivi: "Madawati, meza na makabati ya mbao ngumu. Tunatengeneza Keko na kupeleka popote Dar es Salaam na Pwani." Chini yake picha moja ya dawati, bei, na namba ya simu. Katika mistari hiyo miwili mwalimu amekwisha pata majibu mawili kati ya manne.

Juu ya bei kuna mabishano. Mafundi wengi huificha, wakihofu kwamba jirani ataiona akapunguza yake, au kwamba mteja akiona namba hatakuja kupatana. Hofu hizo si za kipuuzi. Bei ya mbao hupanda na kushuka, na kupatana ni sehemu ya biashara yetu. Lakini jirani wa Keko anaijua bei tayari, kwani wananunua mbao sehemu moja. Asiyeijua ni mteja aliye mbali, ambaye kwake ukimya humaanisha ama ghali mno, ama kila mtu na bei yake. Namna iliyo bora ni kuandika "kuanzia shilingi kadha", na kueleza kwa sentensi moja kinachoibadilisha: aina ya mbao, idadi, na umbali wa kupeleka. Hapo fundi hajajifunga, na mwalimu aweza kuzidisha kwa 60 na kuona kama fedha alizonazo zatosha.

Mambo mengine ni madogo lakini huharibu kazi. Namba ya simu iandikwe kwa maandishi, isiwe ndani ya picha. Ikiwa maandishi mgeni huigusa na simu ikapiga, na programu inayomsomea kipofu huweza kuitamka. Mahali paelezwe kwa alama ambazo mwenye bajaji anazijua. Saa za kazi nazo zina mtego wake kwetu: aandikaye "tunafungua saa 2" ameeleweka na mwalimu wa Mkuranga, lakini mgeni kutoka nje atafikiri ni baada ya adhuhuri. Aandike "saa 2 asubuhi (8:00)" na shauri limekwisha. Na lugha iwe ile ambayo wateja humwulizia bei. Sioni sababu ya karakana ambayo wateja wake tisa kati ya kumi huzungumza Kiswahili kuwa na ukurasa wa Kiingereza peke yake, eti kwa kuwa ndio uonekanao wa kitaalamu.

Kuhusu rangi nitasema jambo moja tu, kwa kuwa lina hesabu. Shirika la W3C, ambalo Berners-Lee alilianzisha mwaka 1994, liliweka kipimo mwaka 2008 cha kulinganisha mng'ao wa herufi na wa mahali zilipoandikwa. Nyeupe kamili ina mng'ao 1, nyeusi kamili 0. Huongezwa 0.05 kila upande, kisha mkubwa hugawanywa kwa mdogo. Nyeusi juu ya nyeupe ni 1.05 ÷ 0.05, yaani 21. Kiwango cha chini kinachokubaliwa kwa maandishi ya kawaida ni 4.5. Kijivu chenye mng'ao 0.3, kinachopendwa sana siku hizi, hupata 1.05 ÷ 0.35, yaani 3 tu, na hapo ni chumbani. Mwalimu wetu yuko juani. Jua huongeza mwanga uleule juu ya herufi na juu ya kioo chote. Tukichukua kwamba limeongeza 0.5, nyeusi hushuka hadi 1.55 ÷ 0.55, karibu 2.8, nacho kijivu hadi 1.8. Nyeusi itasomeka kwa kukunja uso. Kijivu hakitasomeka.

Jaribio la darasani

Walimu waweza kuyafanya hayo darasani kwa vifaa vichache. Kila kikundi kichague biashara iliyo jirani na shule, kimwulize mwenyewe ni maswali gani manne ambayo wateja huuliza mara nyingi kwa simu, kisha kichore ukurasa wa mbele kwenye kipande cha karatasi chenye ukubwa wa simu. Kipande kidogo ni muhimu. Kwenye karatasi kubwa kila mtu hupata nafasi ya porojo. Mchoro huo uonyeshwe kwa kikundi kingine kwa sekunde tano tu na kufichwa, nao waandike waliyoyakumbuka: biashara gani, iko wapi, wanauza nini, mteja afanye nini. Wasiyoyakumbuka yarudishwe kwa wachoraji, wachore tena.

Palipo na kompyuta, vivinjari vingi vina sehemu ya watengenezaji ambayo huonyesha uzito wa kila kitu kilichopakuliwa na muda kilichotumia. Darasa lifungue kurasa za mbele kumi, likiwa limefuta kwanza kumbukumbu ya kivinjari ili vitu vilivyohifadhiwa visidanganye kipimo, na kuandika ubaoni uzito wa jumla, uzito wa picha peke yake, na idadi ya maswali manne yaliyojibiwa bila kushusha ukurasa. Kwa kila ukurasa watafute pia n, yaani ni mikupuo mingapi ingehitajika kuuleta kwa fomula tuliyoitoa juu. Watakaofika kwenye ukurasa wa megabaiti 6 wataona kwamba n ni 9 hata kama hakuna pakiti iliyopotea. Na mwalimu aweza kuwauliza kwa nini, katika mtandao halisi wa simu, jibu hilo ni la matumaini mno.